Nyufa za Ejdern

Barbro Sjölin alikuwa na miaka sabini na minne, goti moja la chuma, na ubishi wa kutosha kijiji kizima. Wiki ile ya baada ya Pasaka aliamka kila siku saa kumi na moja alfajiri, akanywa vikombe viwili vya kahawa isiyo na maziwa, akavaa ovaroli ya marehemu mumewe aliyoikunja miguu mara mbili, kisha akaenda kuwagongea wajukuu zake mlango.

"Amkeni! Mnalala kama watu waliomaliza kazi."

Tuva, msichana wa miaka kumi na tano, aliguna kutoka chini ya mto. Mdogo wake Malte, wa miaka tisa, alikuwa ameshavaa viatu. Alikuwa amelala navyo, ili asiachwe.

Kilichowaamsha mapema hivyo ni Ejdern, mashua ya tanga ya mbao, urefu mita nane, iliyokuwa imeegeshwa juu ya magogo kwenye uwanja wa klabu ya mashua pale Norrvik. Barbro na mumewe Evert waliinunua mwaka aliozaliwa mtoto wao wa pekee, Staffan. Kwa miaka arobaini na sita, barafu ya bahari ilipoyeyuka waliishusha majini, na majani yalipopukutika wakaipandisha. Kisha Evert akaugua, na mwaka mzima mashua ikabaki chini ya turubai. Mwaka uliofuata Evert akafa, turubai halikufunuliwa.

Mwaka huu wa tatu ikaja barua. Ilitoka klabuni, imetiwa sahihi na mwenyekiti, Torkel, mtu ambaye amekula mezani kwa Barbro mara zisizo na hesabu. Ilisema kwamba mashua yoyote iliyokaa nchi kavu miaka miwili mfululizo ni lazima iwe inaelea yenyewe ifikapo saa kumi jioni ya siku ya kreni, ile mashine ya kuzishusha mashua majini. Isipoelea inapoteza nafasi yake, na Jumatatu itavunjwa, mbao zikachomwe moto. Kanuni ilikuwepo tangu zamani, lakini hakuna aliyekumbuka imewahi kumfika mtu. Barbro aliisoma barua ile akiwa amesimama, akaikunja, akaitia kwenye jiko la kuni.

"Tutaona," aliliambia jiko.

Siku ya kreni haina mjomba. Kreni inakuja Norrvik mara moja tu kwa msimu, Jumamosi moja, na kila mashua ina nambari yake kwenye foleni. Aliyechelewa kupaka rangi atajijua mwenyewe. Jumatatu ya wiki ile zilikuwa zimebaki siku tano, na ndiyo siku ambayo Staffan aliwaleta watoto kutoka mjini kwa likizo yao.

Staffan alifanya kazi kwenye kampuni ya bima, na kazi hiyo ilimfundisha kuona ajali kila alipogeuza macho. Aliitazama ngazi iliyoegemezwa kwenye ubavu wa mashua, akamtazama mama yake.

"Mama, hizi ni mbao tu."

"Ulijifunza kutembea ndani ya hizo mbao tu."

"Inavuja. Na wewe una goti la chuma. Mkizama, goti litakutangulia chini."

"Basi litanionyesha njia. Acha watoto, nenda kazini kwako."

Alikwenda, lakini aligeuka nyuma mara mbili kabla ya kupanda gari. Barbro alimwona na akajifanya hakumwona.

Ukweli ni kwamba kazi nyingi alikuwa ameshaifanya peke yake, na alikuwa akiringa nayo kimoyomoyo. Mashua ya mbao ikikaa nchi kavu inakauka, na mbao zinasinyaa, na kati ya ubao na ubao inafunguka mianya. Miaka miwili ni mingi. Mianya ya Ejdern ilikuwa imefunguka kiasi cha kupitisha ncha ya kisu. Barbro alikwenda dukani, akamwambia muuzaji anataka kitu kisichopitisha maji milele, naye akauziwa filla, ile ya makopo mawili inayochanganywa na kuganda kama jiwe. Kwa wiki mbili alijaza mwanya baada ya mwanya, akasugua kwa msasa, mpaka ubavu wa mashua ukawa laini kama sahani. Usiku alipoingiza tochi ndani, hakuna hata uzi wa mwanga uliotoka nje.

Tuseme wazi kwamba kazi ile haikuwa yake kwa desturi. Kwa miaka yote arobaini na sita yeye na mumewe waligawana mashua kama watu wanavyogawana kitanda: vanishi, matanga na chakula ni vya Barbro, mbao na mkuku, ule uti wa mgongo wa mashua, na kila kilicho chini ya maji ni vya Evert. Hakuna aliyevuka mpaka. Barbro alikuwa amemwona mumewe maelfu ya mara ameipa dunia mgongo, ana kisu cha bapa mkononi, anapaka kitu kwenye mianya. Alipaka nini, hakuwahi kuuliza. Alidhani anajua.

Jumanne walipaka rangi nyekundu ya chini. Tuva alikuwa na mkono mzuri wa brashi na mdomo usiotulia. Katikati ya kazi alisimama, akapitisha kidole kwenye mwanya uliojazwa.

"Bibi, si ulisema mbao zimesinyaa kwa kukauka?"

"Ndiyo."

"Zikilowa si zitavimba tena?"

"Zitavimba, ndiyo maana ya mbao."

"Sasa zitavimba ziende wapi? Nafasi yake umeijaza jiwe."

"Zitakwenda zinakokujua. Paka rangi."

"Nimeuliza tu."

"Na mimi nimekujibu tu."

Malte, aliyekuwa chini ya mashua na rangi nyekundu mpaka kwenye nyusi, alisema kwamba hilo halikuwa jibu. Aliambiwa afunge mdomo kabla rangi haijaingia.

Jioni walifanya kitu kimoja ambacho Barbro alikijua kwa hakika, kwa sababu kila mwaka mumewe alikuja jikoni kumwomba magunia na mablanketi makuukuu. Waliyatandaza ndani ya mashua, juu ya mbao za chini, wakayalowesha kwa mpira wa maji. Malte alipewa mpira, akamlowesha na dada yake, kwa bahati mbaya, mara nne.

Jumatano asubuhi walikuwa wamekaa kwenye kreti chini ya ubavu wa mashua wanakula mkate mkavu waliopaka mayai ya samaki ya kwenye tyubu. Ikasikika paa! Malte akainama. Alidhani mtu amepiga bunduki.

"Nani anawinda saa hizi?" aliuliza.

Kabla hajajibiwa ikasikika ya pili, kavu, karibu mno, na safari hii wote watatu waliangalia juu.

Barbro alipanda ngazi kwa kasi ambayo daktari wa goti lake asingeifurahia. Aliondoa gunia la kwanza, la pili, la tatu. Taruma moja, kati ya mbavu za mwaloni zilizoshikilia mbao tangu kabla hajaolewa, ilikuwa imepasuka katikati. Pembeni yake msumari wa shaba ulikuwa umechomoka nusu kidole. Mbao zilikuwa zimeanza kunywa maji ya magunia na kuvimba, zikatafuta nafasi, zikakuta jiwe. Zikasukumana, na taruma ndiyo iliyolipa.

Alikaa kwenye benchi la mashua na uso ukamwaka. Kwanza alimkasirikia muuzaji. Kisha akamkasirikia Evert, kwa kufa na siri ya nyufa, kwa ile tabia yake ya kuipa dunia mgongo akifanya kazi. Alimkasirikia hasa, kwa dakika nzima, kama vile yuko kule nje anachonga kitu na atasikia. Mwisho hakubaki mwingine wa kumkasirikia ila yeye mwenyewe, mwanamke mzima aliyeulizwa swali la maana na mtoto akajibu upuuzi.

Alichungulia nje. Wajukuu walikuwa wamesimama chini, vichwa juu, wanasubiri.

"Nimeharibu," alisema. "Ile filla yote ni lazima itoke, kila tone. Mashua ikiingia majini hivi itajivunja mbavu yenyewe mpaka mwisho."

Tuva aliuma mdomo. "Naruhusiwa kusema kwamba nilisema?"

"Mara moja. Kisha chukua patasi."

"Nilisema."

"Haya. Patasi ile pale."

Malte alipima mianya yote kwa futi ya chuma, kwa sababu alitaka kujua wanapigana na nini. Ilitoka mita mia moja na ishirini na sita. Siku zilikuwa tatu, kasoro ile asubuhi. Patasi ilikuwa nene mno kwa mianya ile, hivyo Barbro alichukua tupa tatu kuukuu, akazipasha moto, akazipinda mkia zikawa kama kucha, akampa kila mmoja yake. Ukucha unaingizwa kwenye mwanya, unavutwa kwako kwa nguvu zote, na filla inatoka kipande cha ukubwa wa ukucha wa kidole kidogo. Kisha unaingiza tena.

Walivuta. Tuva alichukua mbao za juu, Barbro alilala chali chini ya tumbo la mashua na vumbi likamwagikia machoni, Malte alipewa zile kona za mbele na nyuma ambako mkono wa mtu mzima haupiti. Ifikapo mchana viganja vyote vilikuwa na malengelenge. Ifikapo jioni malengelenge yalikuwa yamepasuka. Barbro aliwafunga vitambaa, akajifunga na yeye, akawaambia kwamba anayetaka kupumzika apumzike, hatamsema. Hakuna aliyepumzika, na yeye alifurahi kiasi kwamba aliwakaripia ili wasimwone.

Alhamisi aliifunga ile taruma. Aliipachikia ubavuni kipande kipya cha mwaloni, akakikaza kwa skrubu za shaba, Tuva akishikilia kwa goti. Wakati huo simu ililia mfukoni mwa Malte.

"Mnaendeleaje?" aliuliza Staffan.

"Vizuri, Baba. Tunatoa kila kitu Bibi alichoweka."

"Mpe Bibi simu."

"Hawezi. Yuko chini ya mashua, anatukana."

"Anamtukana nani?"

Malte alisikiliza kidogo. "Sasa hivi anaitukana tupa."

Ijumaa saa tisa mchana kipande cha mwisho kilitoka. Tuva aliingia ndani, akalala sakafuni, akacheka kwa kuchoka. "Bibi, naona viatu vyako. Vyote viwili. Na mbwa anapita."

Barbro hakucheka. Mashua ilikuwa imejaa mistari ya mwanga kutoka mkukuni mpaka juu, na kreni ilikuwa kesho. Alikuwa amejua cha kutoa, lakini cha kuweka hakukijua. Alisimama ameshika kiuno, akijilazimisha kumkumbuka mumewe, na alichokikumbuka ni harufu. Kila Ijumaa ya kuamkia siku ya kreni, Evert alirudi nyumbani ananukia sabuni ya msonobari, ile laini kama jamu, ya kusugulia sakafu. Yeye alidhani ameosha mashua. Na kila mwaka wiki ile ile kopo lake la sabuni jikoni lilikuwa tupu, na kila mwaka aligombana naye kwa sababu hiyo.

"Mwizi wewe," alisema kwa sauti, akageuka kwenda nyumbani karibu mbio.

Walipaka sabuni kwenye mianya yote mipana, kwa visu vya bapa, mpaka jua likaelekea kuzama. Sabuni ilikuwa laini. Ubao ukivimba utaisukuma nje bila kugombana. Ingezuia maji kidogo tu, na hicho kidogo ndicho kilichotakiwa.

"Kuna kitu kingine," alisema Malte akijifuta mikono kwenye suruali. "Babu alikuwa anaipa unga."

"Unga gani?"

"Unga wa mbao. Mimi nilishika ndoo. Alikuwa anauzamisha chini ya mashua na fimbo, halafu mashua inaufyonza kwenye nyufa."

"Ulikuwa na miaka sita! Mbona hukusema?"

"Hukuniuliza, Bibi."

Barbro akamtuma Tuva karakana ya seremala na gunia.

Jumamosi uwanja ulijaa watu, makoti, chupa za kahawa na maandazi ya mdalasini. Mashua zilikuwa kumi na tisa. Ejdern ilikuwa ya kumi na moja, lakini asubuhi na mapema Barbro alikwenda kwa Torkel akaomba iwe ya mwisho.

"Watu wote wanataka ya kwanza," alisema Torkel.

"Mimi nataka ya mwisho. Ikiwa ya mwisho, hakuna wa kuniharakisha nikiwa kwenye mikanda ya kreni. Kreni yako inaondoka saa ngapi?"

"Saa kumi." Torkel aliitazama mashua, akainama, akafumba jicho moja. "Barbro, naona upande wa pili."

"Umefanya vizuri kuvaa miwani."

Torkel hakutabasamu. Aliandika kumi na tisa na kuondoka, na Barbro aliona kwamba mzee wa watu hakupenda kumtazama usoni.

Saa saba mchana kreni iliinua Ejdern kwa mikanda miwili mipana, ikaipitisha juu ya gati, ikaishusha. Maji ya bahari yaliingia kana kwamba yamefunguliwa mlango. Baada ya dakika kumi yalifika kwenye mabenchi. Maongezi yote gatini yalikatika, na mtu mmoja alivua kofia kama yuko mazishini. Barbro alimwangalia mpaka akaivaa.

Hakuna aliyechota maji. Hiyo ndiyo amri aliyowapa wajukuu: mikono mifukoni. Mashua ining'inie kwenye mikanda, ijae, mbao zinywe ndani na nje. Malte peke yake ndiye aliyekuwa na kazi. Alilala kifudifudi kwenye ukingo wa gati na ndoo yake na fimbo yake, anazamisha unga wa mbao chini ya ubavu, ubao baada ya ubao, ametoa ulimi kwa umakini.

Staffan alifika saa saba na nusu, amevaa viatu vya ofisini. Aliona mashua ya baba yake imejaa maji mpaka shingoni na mama yake amesimama anaitazama.

"Mama! Inazama!"

"Inakunywa."

"Kwa nini hamchoti?"

"Kwa sababu ina kiu. Miaka miwili, Staffan. Hata wewe ungekunywa."

Alisema kwa sauti ya mtu anayejua, lakini hakuwa na hakika. Hakuna kazi iliyowahi kuwa ngumu kwake kama ile ya kutofanya kitu. Kila kiungo kilitaka kurukia ndoo. Mikono aliyoificha mifukoni ilikuwa imekunjwa ngumi, na vidonda vya viganja vilimuuma, na aliushukuru uchungu ule kwa sababu ulimpa kitu kingine cha kufikiria. Saa nane ikafika, saa nane na nusu. Watu walianza kuondoka wawili wawili, kwa adabu, wakisema kwaheri kwa sauti za chini.

Saa tisa kamili alitoa mikono mifukoni. "Sasa. Choteni!"

Aliingia mwenyewe ndani, viatu vya mpira vikajaa maji ya barafu. Tuva alipiga pampu, Malte na Barbro wakawa na ndoo. Maji yalishuka chini ya mabenchi, yakashuka mpaka kwenye mbao za sakafu. Barbro akainua mkono, wakasimama. Malte alichomeka fimbo aliyoitia alama za kupimia kina. Katika dakika tano maji yalipanda upana wa kiganja.

"Mengi?" aliuliza Tuva.

"Mengi," alisema Barbro. "Choteni."

Walichota. Wakasimama, wakapima. Bado ni kiganja, labda kasoro kidole. Ilikuwa saa tisa na nusu. Staffan alipiga magoti kwenye gati, karibu na mama yake, akasema kwa upole ambao ulimchoma kuliko kelele:

"Mama, umejitahidi. Hakuna atakayekucheka. Toka, utapata homa ya mapafu."

"Chukua ndoo, au ondoka mbele ya mwanga."

"Mama..."

"Ndoo, Staffan."

Alimtazama. Aliwatazama watoto wake, vitambaa vya viganjani vimelowa na kugeuka vyekundu kwa rangi na kwa damu. Kitu kilimtoka usoni. Aliruka ndani na viatu vyake vya ofisini, na maji yakamfika vifundoni, akapiga ukelele uliowafanya watoto wacheke kwa mara ya kwanza siku ile. Kisha akachota. Alikuwa na mikono ya baba yake, mirefu, na ndoo yake ilikwenda na kurudi bila kupumzika.

Saa kumi kasorobo walipima tena. Vidole viwili.

Saa kumi kasoro dakika tano Torkel alikuja na saa mkononi na karatasi. "Barbro, kreni inaondoka."

"Soma barua yako. Imeandikwa nini?"

"Unajua imeandikwa nini."

"Nimeichoma. Nikumbushe."

Torkel alivuta pumzi. "Iwe inaelea yenyewe."

"Haikuandikwa iwe kavu?"

Midomo ya Torkel ilisogea, anajisomea upya. "Hapana. Kavu haimo."

"Basi fungua mikanda."

"Na ikizama?"

"Nitakuwa ndani, utajua. Watoto, gatini!"

Tuva alikataa, na Malte akakataa kwa sababu Tuva amekataa. Staffan aliwabeba mmoja baada ya mwingine, akawaweka juu ya gati, na watu wakadhani naye atapanda. Hakupanda. Alirudi akasimama nyuma ya mama yake na ndoo.

Mikanda ililegea. Ejdern ilishuka ghafla, upana wa mkono mzima, na Barbro akapanua miguu asianguke. Akashika ukingo. Mashua iliyumba kushoto, ikayumba kulia. Kisha ikatulia juu ya maji, mzigo wake wote juu yake yenyewe, na mikanda ikaanguka mitupu pande zote mbili.

Torkel alisubiri dakika tatu, macho kwenye fimbo ya Malte. Akaandika, akatia sahihi, akaondoka haraka, na kreni ikaondoka nyuma yake.

Ilibidi mtu abaki. Mashua iliyoshuka namna ile inachotwa usiku kucha mpaka mbao zishikane. Barbro alikusudia kuwa yeye, lakini alipojaribu kusimama goti lilikataa, na Staffan alisema kwa sauti ambayo hakuitumia tangu ujana wake: "Nenda ukalale, Mama. Zamu yangu." Alikwenda kwa sababu hakuwa na mguu wa kubishia.

Jumapili alifika gatini kabla jua halijatoka vizuri, roho iko mkononi, anatafuta mashua ambayo labda haipo, na ambayo mlingoti wake bado haujasimamishwa. Ilikuwepo. Ndani yake Staffan alikuwa amelala ameegemea taruma iliyofungwa, amejifunika turubai, ndoo mapajani. Barbro aliinama, akapapasa ndani ya ndoo. Ilikuwa kavu. Akapapasa mbao za sakafu na chini yake, nazo zilikuwa na unyevu tu. Alikaa chini gatini, na kwa mara ya kwanza tangu mazishi akalia kwa sauti bila kujali nani anasikia.

Staffan aliamka.

"Mara ya mwisho nilichota saa nane za usiku," alisema. "Baada ya hapo hakuna kilichoingia."

Barbro alitikisa kichwa, anajifuta kwa mkono wa ovaroli.

"Mama." Aliitazama ndoo. "Ile barua. Torkel hakutaka kuiandika. Mimi ndiye niliyemwomba."

Barbro alisikia maneno yale yakimwingia na kukaa mahali pabaya.

"Niliogopa utaanguka kwenye ngazi peke yako, na sisi tuko mjini," alisema Staffan. "Nilidhani wakiichukua wao, hutanichukia mimi."

Aliumia, na hakujidanganya kwamba hakuumia. Alimwangalia mwanawe: nywele zimesimama, viatu vya ofisini vimepasuka nyayo, viganja vimechunika kama vya watoto wake. Maji yalipiga polepole kwenye ubavu wa mashua, kutoka nje.

"Mlingoti unataka watu wanne," alisema mwisho. "Kawaamshe wanao."